Vyungu vya Sitara

Katika nchi ya Sitara hakuna mtu anayeomba. Niliambiwa hivyo kabla sijakaa vizuri kitini, na mimi nikadhani nimefika nchi iliyoshiba.

Nilifika mji wao wa Bondeni mwishoni mwa kiangazi, mashamba yameshalimwa na watu wanatazama mawingu. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni mng'aro. Milango yote ilikuwa myeusi, inang'aa kama maji ya kisimani. Mipini ya majembe ilikuwa inang'aa, na mbao za kukalia vilevile. Mbuzi mmoja alipita mbele yangu na pembe zilizosuguliwa mpaka zikawa kama kioo, na nyuma yake alikuja mama mnene, mchangamfu, ameshika kamba.

"Mwanangu, leo kuna harusi?" nikamwuliza.

"Shikamoo, Bibi. Hakuna harusi. Hiyo ni dawa ya viatu tu."

"Marahaba. Na mbuzi anavaa viatu?"

"Huyu akipewa viatu si ataniomba na ofisi!" Akacheka, kisha akaziba mdomo kwa kiganja, akatazama huku na huku kama mtu aliyetukana mbele ya wakwe. Neno "ataniomba" ndilo lililomtoka vibaya. Wakati huo sikujua.

Jina lake Hidaya. Ndiye aliyenipeleka kwa jirani yake Salme, mwenye duka, kwa kuwa wageni wote wa Bondeni hulala kwa mwenye duka. Salme alikuwa mwanamke mtaratibu wa makamo, mwenye sauti ya chini. Sikumwambia kwamba miguu inaniuma, lakini maji ya vuguvugu yalifika kabla sijavua viatu. Sikumwambia kwamba jua linanichoma, lakini kiti changu kilisogezwa kivulini nami nimekikalia. Nimetembea nchi nyingi na sijaona watu wanaotunza mgeni kama wale. Nalisema hilo mwanzo kwa sababu mengine nitakayoyasema yatawatia aibu, na hawakustahili aibu tupu.

Tukala. Mchuzi ulikuwa umepungua chumvi. Nikasema kama ningesema nyumbani kwangu, "Mwanangu, naomba chumvi kidogo."

Mkono wa Salme ukasimama hewani. Hidaya akageukia ukutani, kama unavyogeuka mtu anapovuliwa nguo. Salme akainuka, akarudi na kibakuli cha chumvi, akakiweka karibu na goti langu kana kwamba kilikuwa hapo tangu asubuhi.

"Bibi," akasema taratibu, "huku hatusemi vile. Mtu akipungukiwa hukaa kimya, na wenzake humwona."

"Na wasipomwona?"

"Huonwa," akasema. Na mazungumzo yakaishia hapo.

Usinielewe vibaya. Desturi ile ilikuwa na mzizi mzuri. Mbele ya kila nyumba ya Sitara pana kijiwe bapa kando ya kizingiti. Mwenye nyumba akiishiwa na kitu, huweka chungu kitupu juu ya kijiwe kile na kuingia ndani. Jirani anayepita na mwenye nacho hutia humo kibaba cha unga, au vitunguu, au mbegu, akaenda zake bila kusema neno. Mwenye chungu hamjui aliyempa. Aliyempa haruhusiwi kukumbuka. Na lipo sharti kubwa kuliko yote: chungu cha mwenzio usikitazame. Ukiwa na cha kutia, unatia huku umegeuza uso. Ukiwa huna, unapita na macho yako kwenye vidole vya miguu yako. Wakati wote niliokaa kule niliona watu wanatembea barabarani wameinamisha vichwa, na mwanzoni nilifikiri wanatafuta sindano.

Sasa nieleze habari ya mtambo, maana bila huo hakuna kisa.

Zamani maduka ya Bondeni yalijazwa na msambazaji mmoja, Bwana Ngwali, mwenye bohari kubwa nje ya mji. Alipita na gari lake duka hadi duka akiuliza, "Umepungukiwa nini?" Ni swali la kazi tu, lakini katika Sitara lilikuwa sawa na kumwambia mtu afunue godoro lake mbele ya wageni. Wenye maduka walijibu, "Sijapungukiwa na kitu," huku rafu nyuma yao zimefunikwa kanga ili utupu usionekane. Bwana Ngwali alirudi na mzigo wake wote, na mji ukalala bila sukari.

Wakubwa wa nchi wakawaonea huruma. Wakaleta mtambo unaoitwa Mjazi. Kila rafu ikakalishwa juu ya mzani uliofichwa chini ya ubao. Rafu ikiwa nyepesi, kengele inalia bohari, jina la bidhaa linajitokeza, mzigo unafungwa na gari linaondoka. Hakuna anayeuliza na hakuna anayeulizwa. Hata madereva wamekatazwa kuzungumza na wenye maduka zaidi ya salamu. Nilimsalimu dereva mmoja nikamwuliza amebeba nini. Akanijibu, "Bibi yangu, mimi ni tairi tu. Tairi haijui."

"Ulikuwa msaada mkubwa," Salme aliniambia. Nami nilimwamini. Kuna huruma katika kumwondolea mtu swali linalomuumiza.

Lakini mwaka mmoja Mtawala alipita Bondeni, na watu wote wakanunua dawa ya viatu ili wampokee wakiwa nadhifu. Rafu zikawa nyepesi siku ileile. Mjazi akaona Bondeni ni mji wa watu wanaopenda dawa ya viatu kuliko mkate. Akaleta mara mbili. Mtawala alikuwa ameshaondoka na viatu vimesharudishwa darini, kwa hiyo dawa haikununuliwa.

Hapo ndipo watu wale walipokosea kosa ambalo nadhani ni wao tu wangeweza kulikosea. Kule Sitara, mzigo unaolala dukani ni fedheha. Watu husema, "Duka la fulani limesusiwa." Basi kila mwenye duka, akiwa peke yake, alianza kuondoa makopo rafuni na kuyaficha uvunguni ili aonekane anauza. Rafu ikawa nyepesi. Kengele ikalia. Mjazi akaleta mengine, na wateja nao, kwa kumhurumia mwenye duka, wakayanunua na kuyaficha kwao.

Salme alifunua pazia la chumba chake akanionyesha. Makopo yalipanda ukutani mpaka darini. Kitanda chake kilikuwa juu ya masanduku ya makopo. Alilala juu kiasi kwamba alipanda kwa kigoda.

"Na wenzako?" nikauliza.

"Sijui ya wenzangu," akasema, na akarudisha pazia.

Kila mtu aliamini ni yeye pekee. Ndiyo maana walisugua milango na majembe na pembe za mbuzi. Kila nyumba ilikuwa inapunguza fedheha yake kidogo kidogo, na ikiona mng'aro wa jirani ilifikiri jirani ni msafi tu.

Hayo yangekuwa ya kuchekesha, na mimi nilicheka, mpaka nilipouliza habari ya mbegu.

Watu wa Bondeni hula mtama. Mwaka uliopita mto ulikata barabara kabla ya kupanda, mbegu hazikufika na rafu ya mbegu ikakaa tupu msimu mzima. Lakini nyumba kadhaa zilikuwa na akiba. Zikatia mbegu vyunguni mwa wenzao, kiganja hapa, kibaba pale, na mji mzima ukapanda. Sikuwahi kusikia wema mkubwa uliofanywa kimya namna ile. Tatizo ni kwamba wema ule haukupita juu ya mzani. Mjazi aliona rafu ya mbegu haikushuka wala kupanda tangu mwanzo wa msimu hadi mwisho. Akaihesabu kuwa rafu iliyokufa, akawapa wenye maduka kitu kingine cha kuweka hapo.

"Kitu gani?" nikauliza, ingawa nilishaona.

"Dawa ya viatu," akasema Salme.

Na mwaka huu fukusi waliingia ghalani kwake, wakatoboa mbegu zote za akiba. Aliniambia hilo kwa sauti ya mtu anayesimulia ugonjwa wa aibu. Alikuwa ameshaweka chungu chake juu ya kijiwe. Kila alfajiri alikwenda kukichungulia, na kila alfajiri kilikuwa kitupu. Shamba lake lilikuwa limeshalimwa. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye vilima. Mvua ikinyesha bila mbegu ardhini, mwaka huo hautarudi.

"Watanikumbuka," akasema. "Majirani zangu ni watu wema."

Kesho yake nilitoka kunyoosha miguu. Mimi ni mgeni na macho yangu hayakufundwa kule, kwa hiyo nilitazama. Nyumba ya Hidaya ilikuwa na chungu juu ya kijiwe. Kilikuwa kitupu. Nyumba iliyofuata, chungu kitupu. Nikapinda kona, nikapanda mpaka kwenye nyumba nzuri zenye vibaraza, nikashuka mpaka mtoni. Kila kijiwe kilikuwa na chungu chake na kila chungu kilikuwa na upepo ndani. Fukusi hawakuchagua ghala. Mji mzima ulikuwa umeweka vyungu nje, kila nyumba inamngoja jirani, na watu walikuwa wanapita katikati yake wameinamisha vichwa kwa adabu.

Nilirudi nikamkuta Salme anafagia. Nilitaka kumwambia. Nikafungua mdomo, na yeye akaniona macho, akajua nimetoka kutazama nini. Uso wake ukasinyaa. "Bibi," akasema, "umechoka. Njoo ukae." Akanisogezea kiti kivulini.

Nikakaa. Wema wake ulinifunga mdomo.

Siku ile alinisindikiza kuona bohari, akisema wageni hupenda kuiona. Bwana Ngwali alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kushonwa vizuri. Mke wake marehemu na Salme walikuwa wamekua pamoja, kwa hiyo waliitana shemeji. Aliniletea kiti chake mwenyewe, akasimama. Bohari ilikuwa imejaa dawa ya viatu, safu kwa safu. Lakini nyuma ya safu, kwenye giza, niliona magunia. Moja lilikuwa limepasuka kona, na punje nyeupe za mtama zilikuwa zimemwagika sakafuni.

Salme aliziona. Ngwali aliona kwamba ameziona. Yakaanza mazungumzo ambayo nayakumbuka neno kwa neno, kwa jinsi yalivyonichoma.

"Mawingu yamekaribia, shemeji," akasema Ngwali.

"Yamekaribia."

"Mashamba mmeshalima?"

"Tumelima vizuri sana."

"Kilichobaki ni kupanda tu, basi."

"Ni kupanda tu."

Ngwali akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena. "Mwaka huu nilileta mzigo wa… wa vitu vingine pia. Havijaitwa na kengele. Vipo tu."

"Vitaitwa, Inshallah."

"Kwa hiyo huko Bondeni hamna tatizo."

"Hatuna tatizo, shemeji."

Walisimama pale, magunia yako hatua chache tu kutoka kwao, na wote wawili macho yapo kwenye vidole vya miguu.

Nikashindwa kuvumilia. "Mwanangu Ngwali, mimi naomba mbegu. Mimi sina haya."

Alitikisa kichwa kwa upole. "Bibi, wewe ni mgeni, huna shamba. Mdomo wa mgeni hauhesabiwi. Mimi nimekatazwa kupeleka mzigo usioitwa na kengele. Lakini sheria ina mlango mmoja. Mwenyeji akisimama barazani, mbele ya watu, akasema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba amepungukiwa, naruhusiwa kumpa." Akamtazama Salme kwa mara ya kwanza. "Tangu Mjazi aje, hakuna aliyewahi kupita mlango huo."

Tulirudi Bondeni, Salme mbele. Tulipofika kwenye kijiwe chake akachungulia chungu, kisha akaniambia, "Bibi, unisaidie kufunga kilemba. Naenda barazani."

Baraza la Sitara hukutana chini ya paa la makuti na husimamiwa na afisa anayeitwa Msitiri. Wakati ule alikuwa Bwana Tawfiki, kijana wa miaka arobaini hivi, msafi, mwenye sauti nzuri. Aliponiona nimesimama alitoa mto aliokalia yeye akanipa. Nalitaja hilo pia, kwa haki yake.

Salme akasimama katikati. Watu wote wakaziba nyuso kwa viganja, kama desturi inavyotaka pale mtu anapofunuliwa.

"Nimepungukiwa na mbegu," akasema. Sauti ilimkatika. Akarudia, "Nimepungukiwa na mbegu za mtama. Naomba."

Nilisikia makuti yanavyosuguana.

"Dada yangu," akasema Bwana Tawfiki, na naamini alimsikitikia, "kitu kinachohitajika hupungua rafuni. Je, mbegu zimepungua rafuni kwako?"

"Hazikuwepo rafuni."

"Basi hazikupungua."

"Hazikupungua kwa kuwa hazikuwepo."

"Na kisichopungua hakihitajiki. Mjazi anatazama rafu zote za mji huu usiku na mchana, hasinzii. Haoni haja ya mbegu. Anaona mji unaotumia dawa ya viatu kwa wingi, na mji wenye viatu vizuri ni mji wenye neema."

Mzee mmoja mshauri, kiganja usoni, akasema, "Lakini kinywa chake kimesema."

"Kimesema, na sheria itamsikia," akajibu Tawfiki. "Apewe mbegu za shamba lake moja. Lakini rafu ya mbegu haifunguliwi kwa sababu ya nyumba moja. Upungufu wa nyumba moja ni uzembe wa nyumba hiyo." Akageuka kwa watu. "Au yupo mwingine? Yupo mwingine aliyepungukiwa?"

Viganja vyote vilibaki usoni. Hata cha Hidaya, aliyekuwa mstari wa mbele. Na mimi, niliyezunguka mji wote na kuona kila chungu, nilikuwa nimekaa juu ya mto wa Msitiri, nikafikiri kwamba si adabu mgeni kufunua nyumba za wenyeji. Nikanyamaza.

"Hayupo," akasema Tawfiki. "Basi na kaida ifuatwe."

Kaida ya Sitara kwa mtu aliyeomba ni kung'olewa mlango. Wakaja mafundi wawili wapole. Wakamwomba Salme samahani mara nyingi, wakafungua bawaba, wakaubeba mlango wake mweusi unaong'aa na kwenda kuuegemeza barazani. Msimu mzima nyumba yake ingekaa wazi, kila apitaye aone kitanda chake, sufuria zake, na ukuta wake wa makopo.

Salme aliketi sakafuni katikati ya nyumba ile isiyo na mlango, kibaba chake cha mbegu mapajani, amejifunika kanga kichwani mpaka kifuani. Watu walikuwa wanapita wameziba macho. Wengine walipita wanalia. Nilisimama pale kizingitini, mikono yangu haina kazi, na nikaona aibu ambayo sijaipata hata nilipokuwa msichana. Yule mwanamke alininawisha miguu. Mimi nilimwacha asimame peke yake katika mji ambao nilijua hayuko peke yake.

Radi ikapiga mbali, nyuma ya vilima.

Hidaya alikuwa anapita, kiganja usoni, anamvuta mbuzi wake. Nikamshika mkono.

"Hidaya. Nimetazama chungu chako."

Akaruka kama aliyeguswa na moto. "Bibi! Huna haya?"

"Sina. Nimekitazama, ni kitupu. Nimetazama cha jirani yako, ni kitupu. Nimetazama vya mtaa huu wote, na vya mtaa wa juu, na vya mtoni. Vyote vitupu, mwanangu. Kila mmoja wenu anamngoja mwenzake, na mwenzake naye anangoja."

Watu walikuwa wamesimama. Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Mzee huyu amekuja kutuvua nguo!"

"Aibu, Bibi! Tumekupa kiti!" akasema mwingine.

"Mmenipa kiti, na maji, na chumvi," nikasema. "Ndiyo maana naona aibu kunyamaza. Na chini ya vitanda vyenu mna nini? Semeni. Mna makopo kama haya. Mnadhani huyu peke yake ndiye anayelala darini?"

Kisha Hidaya akateremsha kiganja chake polepole. Akatazama ndani ya nyumba ya Salme. Akatazama kitanda kilichopanda juu ya masanduku, na kile kigoda kando yake.

"Cha kwangu kina vigoda viwili," akasema.

Mtu mmoja akacheka, kwa mshituko tu. Kisha mwingine. Salme akafunua kanga usoni. Hidaya akanikabidhi kamba ya mbuzi, akaenda nyumbani kwake, na tukasikia anagonga kitu kwa mchi. Akatoka amebeba mlango wake kichwani, yeye mwenyewe, bila fundi, jasho na dawa ya viatu vinamtiririka shingoni.

"Sipendi kuchelewa kupanda," akasema. "Naenda kuomba."

Alipofika kona, mlango wa pili ulikuwa unang'olewa. Nilisimama na mbuzi nikawaangalia wanavyopita: wazee wawili wamebeba mlango mmoja, mwanamume aliyenikemea amebeba wake mgongoni na uso umeinama, wanawake wanaitana, "Shika kona hiyo! Usinigonge!" Waliona aibu, sitaki kudanganya. Wengi walilia njia nzima na hakuna aliyetazamana na mwenzake machoni. Lakini walikwenda. Wakailaza milango barazani mpaka Bwana Tawfiki akakosa mahali pa kusimama, na kila aliyeulaza wake alisema kwa mdomo wake, "Nimepungukiwa na mbegu. Naomba."

Bwana Ngwali hakungoja kengele. Nilimwona anabeba gunia mwenyewe begani, kofia imeanguka, na yule dereva wa tairi anambebea la pili huku anauliza kila mtu, "Wewe shamba lako kubwa kiasi gani? Na wewe?" kama mtu aliyefunguliwa kinywa baada ya ugonjwa.

Rafu ya mbegu ikafunguliwa tena; Salme akaitupa nje dawa ya viatu iliyokuwa hapo, akaweka mbegu. Kabla ya jua kutua rafu ilikuwa nyepesi, na kengele ya mtama ikalia bohari kwa mara ya kwanza msimu huo. Mjazi akatuma mbegu mara moja. Akatuma pia na dawa ya viatu, kwa kuwa nayo, ilipotupwa, ilikuwa imepungua rafuni.

Mvua ilinyesha siku iliyofuata. Nyumba za Bondeni zilikuwa hazina milango na maji yalirushwa mpaka vyumbani, lakini hapakuwa na mtu ndani. Wote walikuwa shambani.

Nilipoaga, Salme alinitilia mbegu kwenye ncha ya mtandio wangu, akaifunga fundo. Nilipitia mtaa wa juu. Nyumba moja tu ilikuwa bado na mlango wake, mweusi, umesuguliwa vizuri kuliko yote. Ilikuwa ya Bwana Tawfiki. Chungu chake kilikuwa juu ya kijiwe. Nilikuwa nimekiona tangu siku ile niliyozunguka mji, nami sikumtaja mbele za watu. Sasa kilikuwa kimejaa maji ya mvua. Nyuma ya nyumba shamba lake lilikuwa limelimwa kwa mistari iliyonyooka, na halikuwa na punje.

Nilifungua fundo. Nilitaka kutia mbegu kimya, uso pembeni, niende zangu, kama desturi yao. Ni desturi nzuri. Lakini mbegu zingeoza ndani ya maji yale.

"Hodi," nikasema.

Nikaugonga mlango.

"Hodi, mwanangu."

Mlango ukafunguka kidogo. Alikuwa peke yake, bila joho. Aliona mbegu mkononi mwangu, akatazama chini.

"Bibi, mimi ni Msitiri," akasema.

"Najua."

"Mimi siwezi kusema neno lile."

Sikumsaidia. Nilisimama kwenye mvua nikimtazama usoni, na naye akajua namtazama. Aibu ilikuwa yetu wote wawili, maana wote wawili tulikinyamazia chungu kile siku ile barazani. Midomo yake ilijaribu mara nyingi. Neno halikutoka. Mwishowe akanyoosha mikono yake miwili, myeusi kwa dawa ya viatu mpaka kwenye viwiko, akaikutanisha na kuikinga mbele yangu.

Nikamimina. Sikugeuza uso.